Breki Anahamia Kulia

Ukitaka kumjua mtu sawasawa, usimuulize jirani yake. Panda gari analoendesha. Huyu ninayesimulia habari zake alikuwa dereva wa basi la mjini, na mguu wake ulikuwa laini hata mama mwenye mimba pevu aliweza kusinzia kiti cha nyuma mpaka mwisho wa safari. Ndiyo maana watu walimwita Breki. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilibaki kwenye leseni. Hata mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alimwita Breki, na wateja nao wakamwita yeye Mama Breki, apende asipende.

Sasa sikiliza. Breki alikuwa mtu wa kushoto. Sizungumzii siasa, nazungumzia barabara. Mji wake ulikaa ukingoni mwa mto, na mto huo ndio wakoloni walioutumia kugawana watu: huku akatawala mmoja, ng'ambo akatawala mwingine. Watu walikuwa walewale, lugha ileile, hata matusi yaleyale. Lakini mtawala wa huku alileta magari ya kwenda kushoto, na yule wa ng'ambo akaleta ya kwenda kulia, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake hana akili. Katikati ya daraja walipiga mstari mweupe. Gari likifika pale lilisimama, dereva akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, halafu akahamia upande wa pili. Basi la Breki halikuwahi kuuvuka mstari ule. Lilifika kichwani mwa daraja, likageuza, likarudi mjini.

Na ng'ambo ndiko alikokuwa dada yake. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo dada huyu ndiye aliyempikia, akamfulia, akamchapa pale alipostahili na pengine hata pale asipostahili. Aliolewa huko na dereva wa lori, pande la mtu waliloliita Tani Saba, mcheshi, mpenda sifa, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ukisimama ukingoni uliweza kuliona paa la nyumba yao. Lakini kwenda kunywa chai chini ya paa lile ulihitaji kibali cha ofisi ya huku, kisha kibali cha ofisi ya ng'ambo, na ofisi hizo hazikupendana hata kidogo. Madereva wa malori walipewa vibali kwa sababu ya mizigo. Ndugu wa damu waliambiwa waje kesho.

Baba yao alipofariki, dada alisimama getini tangu asubuhi akilia, kibali chake kikiwa mezani kwa bwana mmoja aliyekwenda kula. Alipoingia huku, watu walikuwa wameshazika na kutawanyika. Breki hakumlaumu mtu siku ile. Alimshika dada mkono, akampeleka makaburini, wakakaa. Ukishangaa kwa nini mtu mpole namna ile baadaye aligeuka mwanasiasa wa kupiga kelele vituoni, basi jibu lako ndilo hilo.

Ng'ambo walitangulia kupata uhuru. Ilikuwa shangwe ya aina yake. Watu wa huku walijipanga ukingoni kutazama fataki za wenzao huku mate yakiwatoka. Tani Saba alipovuka na mzigo, alimtafuta shemeji yake makusudi ili amwambie kwamba sasa anaongea na mtu huru, apunguze sauti. Breki alimjibu kwamba kutangulia si kufika. Walicheka, wakanywa soda, lakini moyoni Breki aliumia kidogo.

Kisha zamu ya huku ikafika. Mkoloni alikuwa amechoka na sisi tulikuwa tumemchoka zaidi. Akasema ataondoka, lakini kwanza wananchi wapige kura: mnataka kusimama peke yenu, kanchi kadogo kenye bendera yake, au mnataka kuungana na wenzenu wa ng'ambo muwe nchi moja? Wakija kuungana, kila upande ungebaki na baraza lake la mambo ya nyumbani, shule na masoko na mengine ya aina hiyo. Mambo makubwa, jeshi, fedha, posta na barabara, yangekuwa ya serikali ya pamoja, na bunge lingekuwa moja.

Weee! Mji ulipasuka katikati. Kinyozi hakunyoa mtu bila kumuuliza kwanza yuko upande gani, na kuna waliotoka pale na nusu ya nywele. Kwenye gereji ya mabasi, mpinzani mkubwa wa muungano alikuwa fundi wa bodi, mtu wa nyundo na tindo, ambaye hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Fundi alisema wale wa ng'ambo ni wengi, sisi ni wachache. Ukichanganya kikombe cha maziwa na ndoo ya chai, je, utaita maziwa? Alisema tutaamka siku moja kila jambo letu limeamuliwa na wao, na sisi tukipiga makofi.

Breki naye aligeuza basi kuwa jukwaa. Mtu ambaye miaka yote alisema "mlango" na "twende" tu, sasa alizima injini kila kituo akahubiri. Hakuwa na maneno makubwa. Aliwauliza abiria wake nani kati yao ana ndugu ng'ambo, na basi zima liliinua mikono. Akawauliza nani kawahi kukosa mazishi, na mikono ikabaki juu. Halafu akawasha injini. Mbinu hiyo ilimuudhi sana Fundi, kwa sababu haikuwa na pa kuipiga nyundo.

Siku ya kura Breki alibeba bibi vizee kutoka kila kona, wengine wakiwa hawajawahi kupanda gari maishani, wakamshika bega njia nzima wakimsihi apunguze mwendo ilhali alikuwa anaenda mwendo wa baiskeli. Na matokeo yalipotangazwa kwamba muungano umeshinda, na umeshinda vizuri, si kwa kubahatisha, mji ulilia, ukacheka, ukakumbatiana. Breki, ambaye hakuwahi kumpigia honi hata mbuzi, alipiga honi kuzunguka mji mzima mpaka ikakauka sauti. Mkewe alimwambia ametia aibu. Alimwambia hivyo akiwa amekaa kiti cha mbele, anapunga kitambaa dirishani.

Raha haikudumu wiki. Wajumbe wa pande zote walikaa kupanga mambo ya kuanzia: fedha moja, stempu moja, bendera moja. Na barabara moja. Kwa kuwa ng'ambo walikuwa na magari mengi zaidi, wakaamua nchi nzima iende kulia. Itaanza siku ya Muungano yenyewe, saa sita mchana. Kila dereva wa huku apimwe upya, na atakayeshindwa mara mbili aweke usukani chini akatafute kazi nyingine.

Habari hiyo iliwakuta gereji. Fundi alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Alimwambia Breki kwamba kajipalia makaa mwenyewe, tena kwa kipaza sauti, na sasa ayaote. Breki alicheka naye, kwa ustaarabu, lakini akaitazama mikono yake. Miaka zaidi ya ishirini ya kushoto! Mikono hiyo haikuwahi kumuuliza iende wapi. Na yeye hakuwa na kazi nyingine aliyoijua chini ya jua.

Halafu likaja la pili, na hili lilikuwa zuri mpaka likamtisha. Siku ya Muungano, saa sita, basi moja lingewavusha wajumbe wa huku kwenda kwenye bunge la kwanza la pamoja, nalo ndilo lingekuwa gari la kwanza la huku kuingia ng'ambo bila kibali. Wakubwa wa kampuni walitaka dereva laini kuliko wote. Walimtaka Breki, mradi afaulu mtihani. Siku hiyohiyo alimtuma Tani Saba akamwambie dada: asivuke kuja kumtafuta, asimame tu mwisho wa daraja. Mdogo wake anakuja. Anakuja mbele ya wote, na basi, na hatamuuliza mtu ruhusa.

Ahadi ni deni, na mwenye deni alianza kujifunza. Nyumbani alizunguka meza kwa kulia. Alipita milango kwa kulia, akagongana na mkewe aliyebeba sufuria ya maji, kwa bahati nzuri ya baridi. Sokoni alitembea kwa kulia peke yake dhidi ya mji mzima, akatukanwa na wachukuzi. Mama Breki alisema muungano ni jambo jema, lakini yeye hakuupigia kura uingie jikoni kwake.

Mkaguzi wa madereva alitoka ng'ambo. Alikuwa binti mfupi, mkavu wa maneno, mwenye miwani na viatu vilivyong'arishwa, na umri wake ungetosha kuwa wa binti wa Breki. Alikaa kiti cha pembeni akamwamuru aondoke. Breki aliondoka vizuri. Alikata kona vizuri. Barabara ilifungwa kwa ajili ya mtihani, hakuna gari, hakuna mtu, akaanza hata kujisikia raha. Ndipo baiskeli moja ikachomoza mbele, mzee wa watu amebeba magunia, na kabla Breki hajawaza lolote mikono ilishapeleka basi zima kushoto, ikalipandisha juu ya ukingo, ikalisimamisha taratibu mbele ya duka la viatu. Hakuna aliyeumia. Hata mzee hakuanguka, aliendelea na safari yake.

Mkaguzi alivua miwani akaifuta. "Kichwa chako kimeshahama, baba," alisema. "Mikono bado iko kwao."

Mara ya kwanza hiyo. Imebaki moja. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na sidhani kama waliwahi hata kuendesha basi.

Aliyemwokoa ni Tani Saba. Kila Jumapili alivuka na lori lake tupu, akampeleka Breki uwanja wa mpira, akachora barabara kwa chokaa, akakaa pembeni yake akibweka. Mkono unaolia chakula ndio upande wako, shemeji, unakula kwa kushoto wewe? Alimtupia makopo mbele ya gari ili mikono izoee kushtuka kuelekea kulia. Alimfundisha kwenda mbele, kurudi nyuma, kupishana, kugeuza. Watoto wa mtaa walikaa ukingoni mwa uwanja kushangilia kila akikosea, na walikuwa na mengi ya kushangilia.

Jumapili moja Breki alikosea tena, kosa lilelile, akazima injini, akalaza paji la uso juu ya usukani. Alisema kwa sauti ndogo: nadhani nimekwisha, shemeji. Tani Saba, ambaye hakukosa mzaha hata msibani, safari hii hakuutoa. Alimwangalia yule mtu mwenye mvi anayetetemeka mikono kwa sababu ya kitu alichokiomba mwenyewe kwa moyo wote. Alishuka, akamletea maji, akakaa naye mpaka watoto wakachoka wakaenda zao.

Na Fundi? Fundi ndiye aliyepewa kazi ya kulipasua basi. Fikiria: mlango wa abiria ulikuwa ubavu wa kushoto, na basi likienda kulia, abiria wangeshukia katikati ya barabara kwenye magari. Ilibidi mlango mpya ukatwe ubavu wa kulia na ule wa zamani uzibwe. Fundi alinung'unika kuanzia pigo la kwanza la tindo hadi mkono wa mwisho wa rangi, akisema kura yake iko palepale na ataipiga tena kesho wakitaka. Lakini mlango alioutengeneza ulifungwa kwa kidole kimoja. Alisema yeye haziungi nchi, anaunga mabati, na mabati yake hayajui siasa.

Mtihani wa pili, Breki alipita. Alipita kwa jasho, shati limeganda mgongoni, lakini mbuzi alivuka na mikono ikaenda kulia. Mkaguzi hakutabasamu. Alisema anampa leseni ya muda, na atamaliza kumpima siku yenyewe, juu ya daraja, kwa sababu uwanjani kila mtu ni hodari.

Siku ikafika. Jua lilitoka mapema kuliko kawaida, au ni watu waliotoka mapema, sijui. Mama Breki alikuwa akipiga pasi shati la mumewe redio ilipotangaza amri ya kwanza ya serikali ya pamoja. Sauti nzito ikasema kwamba itakapotimia saa sita kamili mchana, madereva wote nchini watahamia upande wa pili wa barabara. Mama Breki aliinua pasi. "Wote?" aliuliza. "Na wale wa ng'ambo ambao wako kulia tayari, wahamie wapi, mtoni?" Breki alikuwa chini ya kitanda anatafuta kofia yake, hakusikia.

Kumbe karani aliyeandika tangazo lile alikuwa mtu wa huku, na alipoandika wote aliwaza wa huku tu. Alikuwa hajazoea bado kwamba nchi imekua.

Saa sita ilipokaribia, daraja lilikuwa halionekani kwa watu. Mageti yote mawili yalikuwa wazi. Mpango ulikuwa rahisi: basi la wajumbe litoke huku, lori la Tani Saba lenye bendi ya tarumbeta litoke ng'ambo, yaondoke saa sita kamili, yapishane katikati ya daraja, kila moja liingie upande wa mwenzake. Breki alikaa kwenye usukani na kofia yake. Mkaguzi alikaa nyuma yake kidogo, karibu na mlango mpya. Nyuma ya basi yalijipanga magari yote ya mji, teksi, pikapu, hata gari la zimamoto. Kengele ya posta ikalia saa sita. Breki akashusha pumzi, akatia gia, akahamia kulia.

Na mikono ikakubali! Basi lilitambaa juu ya daraja, upande wa kulia, ukingo wa chuma ukipita karibu na kiwiko chake, watu wakigonga bodi kwa viganja, wajumbe wakiimba, na Breki alihisi kifua kinataka kupasuka kwa furaha. Alikuwa mbele. Alikuwa wa kwanza. Alianza kumtafuta dada kwa macho kule mwisho wa daraja, akaona vitambaa vya kichwa vya kila rangi, asijue kipi ni chake.

Kisha akaona lori. Lilikuwa linakuja, pole pole, bendi ikipuliza juu yake, na lilikuwa linakuja upande wake. Breki alingoja lihame. Halikuhama. Akakanyaga breki kwa ule mguu wake laini, na lori nalo likasimama, pua kwa pua, baina yao pasipite hata baiskeli. Bendi ikaacha kupuliza, tarumbeta moja baada ya nyingine.

Halafu makelele. Wajumbe wakasimama. Mmoja akasema hii ni ishara mbaya, mwingine akasema hata saa moja haijapita tumeshagongana. Upande wa kushoto wa basi haukuwa na nafasi. Ulijaa watu wa miguu, pamoja na magari ya ng'ambo ambayo hayakuhama, yamezimwa ili wenyewe watazame vituko. Nyuma ya basi kulikuwa na msururu hadi sokoni. Nyuma ya lori palikuwa na watu tu. Lori ndilo lililotakiwa kurudi, mtoto mdogo angeliona hilo.

Breki alishuka akaenda dirishani kwa shemeji yake. Tani Saba alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele, uso umemvimba.

"Shemeji," Breki alisema, "mbona uko huku?"

"Redio imesema wote wahame. Nimehama."

"Si ulinifundisha mwenyewe kwamba nchi nzima inakwenda kulia?"

"Nilikufundisha." Tani Saba alizidi kutazama mbele. "Lakini niliposikia wote, nikadhani labda wakubwa wamekaa tena wakawaonea huruma ninyi, wakasema wote twende kushoto. Nilikuona ulivyoteseka pale uwanjani. Nikasema, kama sasa ni zamu yetu kuteseka, acha nianze mimi."

Watu walikuwa wameanza kumpigia kelele Tani Saba arudi nyuma, wale wa huku na wale wa kwao pia, na wa kwao ndio waliocheka zaidi. Mwalimu kapotea njia! Mtu mzima kasahau kulia kwake! Tani Saba alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake kwamba harudi. Hii ndiyo amri ya kwanza ya serikali yetu wenyewe, alisema, na yeye ameitii kuliko wote. Hawezi kurudi kinyumenyume mbele ya mke wake, mbele ya watoto wake, na bendi juu ya kichwa chake. Wamuue kwanza.

Mkaguzi alikuwa ameshuka, amesimama, amekunja mikono. Angeweza kuamuru. Breki alimtazama, akatazama basi lake, ule mlango mpya, wale wajumbe waliobana nyuso kwenye vioo. Alijua kabisa anachotaka. Alikitaka tangu siku ile ya makaburi: aingie ng'ambo mbele ya wote, kwenye usukani wake, dada amwone. Kilikuwa mbele yake, mwendo wa dakika chache tu. Akaumia, tena akaumia sana, nisikudanganye.

"Shuka," alimwambia Tani Saba.

"Nimesema sirudi."

"Hurudi wewe. Nitalirudisha mimi. Wewe kaendeshe basi, uwaingize wajumbe kwenu."

Tani Saba aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza. "Basi ni lako, shemeji. Dada yako anakungoja wewe."

"Shuka kabla sijabadili nia."

Tani Saba alishuka. Alipopanda kwenye basi, wajumbe walitaka kujua dereva wao anakwenda wapi na huyu mpotevu anatafuta nini. Breki aliwaambia kutoka chini kwamba huyu ndiye aliyemfundisha yeye kulia, na kama hawamtaki mwalimu basi wasimtake mwanafunzi. Wakaketi. Tani Saba akavuta kiti nyuma, maana miguu yake haikuenea, akapangusa macho kwa mkono wa shati.

Breki alipanda kwenye lori. Alipogeuka kufunga mlango, alimkuta mkaguzi ameshapanda upande wa pili, anajikung'uta vumbi viatuni. Akamuuliza kama hatabaki na basi. Mkaguzi akasema yeye hupima madereva, hapimi mabasi, na mtu aliye mtihanini ni Breki. Aondoke.

Akatia gia ya kurudi nyuma. Kule juu bendi ilikuwa inashauriana ipige nini kwa gari linalorudi nyuma. Wakaona wimbo mpya wa taifa hauchagui, wakaupuliza kwa nguvu zote. Lori likaanza kwenda kinyumenyume, na basi likalifuata, pua kwa pua vilevile, mashemeji wawili wakitazamana kupitia vioo, mmoja anaingia kwao kwa mbele, mwingine anaingia ugenini kwa mgongo. Kicheko cha watu kiligeuka. Sijui kiligeuka wapi, lakini kiligeuka. Walianza kusogea kupisha, wakawa wanapiga makofi kufuata bendi, na wale waliokuwa wakimzomea Tani Saba sasa waligonga ubavu wa basi wakimkaribisha nyumbani. Hata Fundi, aliyekuja kutazama tu, alionekana anakimbia mbele ya msafara akiwatoa watu njiani na kuupigia kelele umati ujali mlango wake.

Breki hakuyaona hayo. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha pembeni, na mikono yake ilikuwa inaliongoza lori sawasawa na ukingo, bila kutetemeka.

Mwisho wa daraja, mama mmoja mnene mwenye kitambaa kipya cha kichwa alikuwa amesimama tangu asubuhi. Alikuwa amewaambia majirani wote kwamba mdogo wake anakuja, anakuja mbele. Alipoona lori la mume wake linarudi kwa mgongo, moyo ulimwanguka. Alidhani wamefukuzwa, alidhani daraja limefungwa tena. Akajipenyeza, akasukuma watu, akalifikia lori lingali linatembea, akashika mlango ili amuulize mume wake kulikoni. Na aliyekuwa kwenye usukani alikuwa mdogo wake.

Alitembea sambamba na lori, mkono mlangoni, anahema, anatazama gari linakoelekea na uso wa dereva unakoelekea, visiafikiane.

"Mdogo wangu," alisema, "unakuja au unaondoka?"

Breki aligeuza shingo kumtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Mjibu," mkaguzi alisema, "lakini macho yabaki kwenye kioo."

"Nimekuja, dada," Breki alisema, na akaendelea kurudi nyuma.